Kuunda Mtabanaji wa Asili: Moto, Maji, Upepo na Udongo Mezani

Ndugu wabunifu, waendesha mchezo, na ninyi wachezaji mliokuja na mifuko yenu ya dadu: zitoeni, ziwekeni mezani. Chukueni ile ndogo ya pande nne, yenye ncha inayochoma ukiikanyaga gizani. Huo ni moto. Mchemraba wa pande sita ni udongo. Ya pande nane ni hewa. Ya pande ishirini, ile inayobingirika hadi uvunguni, ni maji. Ya pande kumi na mbili ni ulimwengu mzima. Mgawanyo huu ni wa Plato wa Athens, aliyeuandika karne ya 4 kabla ya Kristo. Aliupa moto umbo lenye ncha kwa sababu moto hupenya na kukata. Udongo aliupa mchemraba kwa sababu hakuna umbo linalotulia chini kama hilo, na maji aliyapa pande nyingi kwa sababu umbo hilo ni butu kuliko la moto na la hewa. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika mezani, nchini Marekani mwaka 1974, maumbo hayo matano tayari yalikuwa yakiuzwa kama vifaa vya kufundishia hesabu shuleni, na mchezo ukayachukua kutoka huko. Dadu ya pande kumi ilikuja baadaye na haimo katika familia hiyo. Kwa hiyo anayetupa dadu kuona kama moto umemuunguza adui ameishika mkononi nadharia ya asili nne yenyewe.

Leo tunazungumzia fani moja tu ya mhusika: yule anayeamrisha moto, maji, upepo na udongo. Michezo mingi ya kuigiza mezani inaye, na mara nyingi ameundwa kwa haraka.

Neno moja kwanza kuhusu jina lake. Tusimwite mchawi. Katika Kiswahili mchawi ni mtu anayedhuru wenzake kwa siri, na katika Kanda ya Ziwa, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa jina hilo. Mganga naye ni mtu halisi mwenye kilinge na wateja, hatuna haki ya kumgeuza karatasi ya mchezo. Lugha yetu ina kitenzi kinachofaa: kutabana, yaani kukariri maneno yenye nguvu wakati wa kutenda jambo. Maneno hayo ni tabano, na anayeyasema tutamwita mtabanaji. Asili ni ile anayoiamrisha. Jina hili halimkosei mtu heshima, na mchezaji analielewa bila kufafanuliwa.

Sasa nadharia, kwa sababu kanuni nzuri za fani hii zote zinatoka humo. Aliyezihesabu asili kuwa nne ni Empedocles, mtu wa Akragas katika kisiwa cha Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo. Aliziita mizizi, akasema Upendo huziunganisha na Ugomvi huzitenganisha. Lakini mbunifu wa mchezo atafaidika zaidi kwa Aristotle. Huyu alichukua jozi mbili za sifa, joto na baridi, ukavu na unyevu, akazikutanisha. Moto ni joto na ukavu. Hewa ni joto na unyevu. Maji ni baridi na unyevu. Udongo ni baridi na ukavu. Tazameni kinachotokea: moto na maji havishiriki sifa hata moja, basi ni mahasimu. Hewa na udongo vivyo hivyo. Moto na hewa vinashiriki joto, basi ni majirani, na kimoja hugeuka kingine kwa kubadili sifa moja tu.

Mwambao wetu unaijua hesabu hii kwa majina yake. Ilipita kwa matabibu wa Kiarabu na Kiajemi ikaja na majahazi, ndiyo maana wazee wa Mombasa husema chakula fulani kina hari na kingine kina baridi, na huzungumzia yabisi na rutuba ya mwili. Falaki nayo hugawa nyota kumi na mbili katika za moto, za udongo, za upepo na za maji. Mchezaji aliyekulia huko haanzi na ukurasa mtupu.

Mwaka 1991, toleo la pili la Dungeons & Dragons lilipata kitabu cha nyongeza kilicholeta mtabanaji wa asili kama fani maalumu. Alichagua asili moja kuwa yake, na alikatazwa matabano ya ile inayoikabili: wa moto hapati ya maji, wa hewa hapati ya udongo. Ni mchoro wa Aristotle mtupu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mchezaji akiuliza kwa nini nimekatazwa hiki, kuna jibu. Katazo lenye sababu hugeuka tabia ya mhusika, anaanza kuogopa mito, anakataa kulala kwenye jahazi. Katazo lisilo na sababu hubaki kero, na kila kikao mtu ataomba lilegezwe.

Wachina wana tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Hizi si vitu, ni hatua zinazozaana na kudhibitiana. Mti hulisha moto, moto huacha majivu ya udongo, udongo huzaa chuma, chuma hukusanya maji, maji hulisha mti. Kwa upande mwingine maji huzima moto, moto huyeyusha chuma, chuma hukata mti, mti hupasua udongo, udongo huziba maji. Ni mfumo mzuri kwa mchezo, pengine mzuri kuliko wa Wagiriki, kwa sababu hakuna asili inayomkabili mwenzake sawa kwa sawa: kila moja ina wa kumlisha na wa kumdhibiti. Ombi langu ni moja: chagueni mfumo mmoja. Anayechukua nne za Kigiriki na kubandika mti na chuma bila mzunguko wake amepata asili sita na amepoteza sababu zote mbili.

Sasa tuingie kwenye kosa kubwa. Mbunifu anaandika: Mshale wa Moto, dadu moja ya pande nane, futi 60. Anauchukua mstari huo, anafuta moto, anaandika barafu. Anaunakili tena, anaandika radi. Amepata matabano matatu kwa dakika mbili na anadhani ana fani. Mezani matokeo yanaonekana kikao cha tatu. Mchezaji aliyeanza kwa kusema “nauita moto kutoka kwenye kandili” sasa anasema “napiga, saba.” Ameacha kutaja asili yake kwa sababu haibadilishi chochote. Imekuwa rangi tu juu ya namba.

Linganisheni na toleo la tano la Dungeons & Dragons la mwaka 2014, matabano yake madogo yanayotumika kila zamu bila gharama. Mshale wa moto hutupa dadu ya pande kumi, wastani 5.5, na hufika futi 120. Mwale wa baridi hutupa dadu ya pande nane, wastani 4.5, hufika futi 60, lakini aliyepigwa hupungukiwa futi 10 za mwendo hadi zamu yako ijayo. Mguso wa umeme nao ni pande nane, lazima umguse adui, ila ukimpata hawezi kujibu pigo unapoondoka, na aliyevaa chuma hupigwa kwa urahisi zaidi. Angalieni bei: pointi moja ya wastani na nusu ya umbali zimeuzwa kununua futi 10 za kupunguza mwendo. Futi 10 ni miraba miwili ya ramani. Kwa adui mwenye mwendo wa futi 30 aliyesimama futi 30 kutoka kwako, miraba hiyo miwili ndiyo tofauti ya kukufikia na kutokufikia. Hapo mchezaji anafikiri kabla ya kuchagua.

Kanuni ninayoipendekeza ni hii: kila asili ipewe kitenzi kimoja, na vitenzi visifanane. Moto huenea. Maji husogeza. Upepo huelekeza. Udongo huzuia. Madhara yafuate kitenzi. Michezo kadhaa imeupa udongo asidi na hewa umeme, ili kila asili ipate aina yake ya madhara, na huo ndio ushahidi wa kufikiri kwa rangi. Asidi haina uhusiano wa maana na mfinyanzi wala mwamba. Udongo una uzito, una umbo, unakaa ulipowekwa. Hizo ndizo nguvu zake, na hazihitaji kuunguza mtu.

Niwape mfano kamili, kwa mchezo wenye hesabu zinazofanana na za toleo la tano, mraba mmoja ukiwa futi 5, kwa mhusika wa ngazi ya uzoefu ya 1 hadi ya 5. Kila mtabanaji ana pigo la msingi la futi 60, dadu moja ya pande nane, mbili akifika ngazi ya 5. Juu ya hapo kila asili inafanya kazi yake.

Moto: pigo likifika, mraba wa adui hushika moto. Yeyote anayeanza zamu yake hapo, rafiki au adui, hupata madhara ya dadu moja ya pande nne. Mwanzoni mwa zamu ya mtabanaji moto huruka mraba mmoja wa jirani, kama kuna kitu cha kuungua: makuti, majani makavu, mafuta, zulia. Tatizo hapa ni kumbukumbu. Miraba ikizidi mitano, mwendesha mchezo anaanza kusahau upi unaungua, na kila zamu inaanza kwa mabishano. Wekeni kikomo cha miraba minne, wa tano ukiwaka wa kwanza unazimika, na tumieni vishikizo vya rangi au punje za maharage kwenye ramani. Sakafu ya mawe matupu haienezi moto. Mtabanaji wa moto ndani ya pango tupu ni dhaifu, na ni sawa awe dhaifu. Atajifunza kubeba mafuta.

Maji: aliyepigwa hutupa dadu ya pande ishirini kujinusuru kwa nguvu, akitafuta 13 au zaidi, akishindwa husogezwa futi 10. Kuna sharti linaloyafanya maji yawe maji. Zamu moja yanajaa, hapo husukuma tu. Zamu inayofuata yanapwa, hapo huvuta tu. Mchezaji hachagui, anapanga. Akikaa zamu nzima bila kutabana anapata bamvua, na msogeo unaofuata ni futi 20. Wachezaji wa pwani huelewa sharti hili mara moja, wengine huhitaji mapigano mawili. Hatari yake ni ukingo. Adui wa pointi 60 za uhai akisimama kandokando ya jabali, futi 10 zinammaliza kwa mtupo mmoja, na vita iliyopangwa saa nzima inaisha ndani ya dakika. Dawa: anayesukumwa kupita ukingo ana mtupo wa pili wa kujishika, akifaulu ananing'inia. Bado ni ushindi mzuri, na kuna mtu wa kuamua kama atamkanyaga vidole au atampa mkono.

Upepo ndio asili inayoundwa vibaya kuliko zote, kwa kuwa wabunifu hukimbilia radi. Lakini radi ni tukio, na upepo una upande. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini, kusi hutoka kusini, na karne nyingi biashara ya Bahari ya Hindi ilisubiri upepo ubadilike ndipo vyombo virudi. Mpeni mtabanaji uwezo huo huo. Kwa tabano moja anataja upande, na upepo unavuma kuelekea huko kwenye uwanja wote mpaka vita iishe au autaje upya. Anayekwenda na upepo anaongeza futi 10 kwa zamu. Anayekwenda kinyume anatumia futi mbili kwa kila moja. Mshale unaorushwa kinyume chake zaidi ya futi 30 hutupiwa dadu mbili na inachukuliwa ndogo. Upepo haubagui, unawahusu wote. Mpiga upinde wa upande wenu atalalamika, na wakishapatana nani asimame wapi, wameanza kucheza kama kundi. Tatizo ni ndani ya nyumba: chumba kisicho na dirisha hakina upepo. Andikeni wazi kwamba panatakiwa upenyo wa kutosha mtu kupitisha kichwa, la sivyo kila jengo litakuwa mjadala.

Udongo: ukuta wa miraba mitatu, urefu wa futi 5 kwenda juu, pointi 15 za uhai. Kosa la kawaida ni kusahau ujia. Ujia wa futi 10 unazibwa kabisa na miraba miwili, na maadui sita wanasimama upande wa pili wakitazama ukuta huku wenzao wawili wakichinjwa. Mruhusuni mtu kuupanda kwa futi 10 za ziada za mwendo, na ukuta mmoja tu usimame kwa wakati mmoja.

Baada ya vitenzi watu huuliza kuhusu muungano: moto na udongo kuwa lava, maji na upepo kuwa tufani. Fanyeni hesabu kwanza. Asili nne zina jozi 6. Asili sita zina jozi 15. Asili nane zina jozi 28, na kama mpangilio una maana, maji juu ya moto si sawa na moto juu ya maji, basi ni 56. Kila jozi inahitaji kanuni, mfano na majaribio. Mbunifu anayeongeza barafu, radi, chuma na kivuli kwa sababu zinapendeza amejipa kazi mara nne na zaidi. Jozi sita zinaandikika kwenye nusu ya ukurasa: maji yanazima mraba unaoungua na kuacha mvuke mzito usiopenyeka kwa macho kwa zamu moja, upepo unaamua moto uruke upande gani, maji juu ya ukuta wa udongo yanaushusha hadi pointi 5 na kufanya tope. Zikibaki jozi ambazo hazina jambo la kweli la kusema, ziacheni tupu.

Sasa ukinzani. Katika toleo la tano mwenye ukinzani hupata nusu ya madhara, mwenye kinga kamili hapati kitu, na aliyezama majini kabisa ana ukinzani dhidi ya moto. Mashetani wa mchezo huo kwa kawaida wana kinga kamili ya moto. Joka jekundu na jitu la moto pia. Tuseme pigano moja kati ya manne lina adui mkinzani: mtabanaji wa moto amepoteza 12.5% ya madhara yake. Likiwa na adui mwenye kinga, amepoteza 25%. Kwenye karatasi si balaa. Mezani hasara haiji kwa asilimia, inakuja kikao kizima kwa mpigo: mtu amesafiri kuja kucheza, anakaa dakika arobaini akitazama wenzake.

Kipaji cha kujizoeza asili katika toleo hilo hupuuza ukinzani, na huhesabu kila 1 ya dadu kuwa 2. Sehemu hiyo ya pili inasikika nzuri kuliko ilivyo. Wastani wa dadu ya pande sita hupanda kutoka 3.5 hadi 3.67, na mpira wa moto wa dadu nane hutoka 28 hadi 29.3. Pointi moja na kidogo. Na kinga kamili haiguswi kabisa. Wengine wameamua moto wa mtabanaji upenye hata kinga. Sikubaliani nao. Kiumbe aliyeumbwa kwa moto akiungua kwa moto, dunia ya mchezo haina maana tena. Toleo la pili la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika fani yake ya asili ya mwaka 2023, lilipata njia yenye mantiki: mtabanaji anang'oa asili yake kutoka katika mwili wa kiumbe aliyeumbwa nayo, na hapo kinga inalegea. Kwa vitenzi vyetu tatizo ni dogo zaidi. Ukuta wa udongo unamzuia jitu la moto kama unavyomzuia mbuzi, na maji yanamsogeza yeyote asiyejinusuru. Asili inayobaki na tatizo ni moto pekee, ndiyo maana nashauri mtabanaji wa moto apewe asili ya pili mapema, ngazi ya 3, nayo iwe jirani: hewa au udongo.

Gharama. Hapa kuna mafunzo mawili ya wengine yanayofaa kusomwa kwa makini. La kwanza ni mtawa wa asili nne wa Dungeons & Dragons ya mwaka 2014, fani ya mpigana ngumi. Alilipia kila kitu kutoka kwenye mfuko uleule wa nguvu anaotumia kwa ngumi na kukwepa. Mpira wake wa moto ulipatikana ngazi ya 11 kwa nguvu 4, wakati mwanazuoni wa matabano anaupata ngazi ya 5. Mtawa wa ngazi ya 11 ana nguvu 11: aurushe mara mbili, zimebaki 3. Wachezaji wengi waligundua kwamba kupiga ngumi kunalipa zaidi, wakaacha asili zao. Toleo la mwaka 2024 lilirekebisha kwa kumpa kitu kimoja kinachokaa: nguvu 1 inanunua dakika 10 za ngumi zinazofika mbali zaidi na kubeba asili. Somo lake ni kwamba asili lazima iwemo katika pigo la kawaida la kila zamu. Ikiwa ni anasa ya kununua, haitanunuliwa.

La pili ni fani ya Pathfinder ya mwaka 2015, iliyolipa kwa mwili. Kila kuzidisha nguvu kulileta pointi ya kuungua, na kila pointi ilimletea madhara yasiyoua sawa na ngazi yake, yasiyoponyeka mpaka alale usiku mzima. Wazo ni zuri sana: asili inapita mwilini mwako na inakuacha na alama. Mezani lilikuwa na makali yake. Aliyekuwa jasiri asubuhi alifika pigano la tatu akiwa nusu mtu, na kuhani wa kundi hakuweza kumsaidia. Toleo la 2023 liliondoa kuungua. Mtabanaji sasa amezungukwa na uwanja wa asili wa futi 10, matabano makubwa yanauzima, na lazima atumie tendo kuuwasha tena.

Kwa mfano wetu nachukua katikati. Mtabanaji ana akiba ya nguvu tutakayoiita pumzi: 3 ngazi ya 1, moja zaidi kila ngazi mbili, hivyo 5 kwenye ngazi ya 5. Tabano kubwa linakula pumzi 1 au 2. Mapumziko ya saa moja yanarudisha 2, usingizi unarudisha zote. Pumzi zikiisha unaweza kulipa kwa uhai sawa na ngazi yako, mara mbili tu kwa siku. Mara mbili inatosha kumfanya mchezaji asite, na haimuui.

Kupima nguvu, msiamini hisia. Chukueni mpiga upinde wa ngazi ya 5. Anapiga mara mbili, kila mshale dadu ya pande nane na nyongeza ya 4, wastani 8.5. Akiongeza 7 kwenye mtupo wa dadu ya pande ishirini dhidi ya ulinzi wa 15, anapata shabaha 65%. Ni pointi 11 kwa zamu, 44 kwa zamu nne. Mtabanaji wetu wa moto kwa pigo la msingi ana wastani wa 9, kwa 65% ni 5.85, karibu 23 kwa zamu nne. Adui mmoja akianza zamu tatu ndani ya miraba inayoungua anaongeza 7.5. Jumla 31, sawa na 70% ya mpiga upinde. Hapo ndipo ninapomtaka, kati ya 70% na 80%, kwa sababu anabadilisha uwanja na mpiga upinde habadilishi. Akifika 100% na uwanja bado ni wake, wenzake watahisi hawana kazi.

Mpira wa moto ni jambo la peke yake. Duara la futi 20 kutoka katikati, dadu nane za pande sita. Adui anayeshindwa kujinusuru 60% ya wakati anapata wastani wa 22.4, na watatu kwa pamoja ni 67. Kwa zamu moja amempita mpiga upinde wa zamu sita. Katika toleo la tano mwanazuoni wa matabano wa ngazi ya 5 anao mara mbili au tatu tu kwa siku, na kikomo hicho ndicho kinachoshikilia mizani. Msiuweke katika mfumo wa pumzi zinazorudi kila saa. Waandikeni pia wanaoungua pamoja na adui: tabano hili linawasha kila kinachoshika moto kisichobebwa na mtu, zikiwemo barua mlizotumwa kuzitafuta.

Jaribuni fani kwa mapigano manne ya zamu nne, kila moja mahali tofauti: chumba cha mawe, msitu mkavu, sitaha ya jahazi, soko lenye raia. Mtu mmoja asiyecheza aandike mambo matatu: madhara, muda wa kila zamu, na idadi ya zamu ambazo mchezaji alirudia tendo lilelile. Zamu ikizidi sekunde 90, kanuni ni nyingi. Zamu tatu mfululizo za tendo moja, kitenzi hakina kazi mahali pale. Sokoni ndipo mtajifunza zaidi kuhusu moto, kwa sababu mchezaji mwenye nguvu zote mkononi ataanza kuuliza makuti ya banda lile ni ya nani.

Mwisho ni kadi. Mchezaji asifungue kitabu katikati ya vita, kwa hiyo kila tabano liingie kwenye kadi ya mistari mitano, na mstari wa mwisho uwe siku zote jinsi linavyokoma, maana huo ndio unaosahaulika na kuleta ugomvi. Hii ni ya udongo:

Ukuta wa Udongo. Pumzi 1, tendo moja, futi 30.
Inua ukuta wa miraba mitatu iliyogusana, juu futi 5, ardhini tu, si juu ya mbao wala maji.
Uhai 15. Kuupanda ni futi 10 za ziada.
Aliyesimama mahali unapoota husogea mraba mmoja anaoutaka yeye.
Huporomoka ukiinua mwingine, ukizimia, au ukilala.